Kabla ya Kuhamia Kamera ya Fomati ya Kati: Mwongozo wa Kupima Uamuzi

Mwaka 2016 kampuni ya Hasselblad ya Sweden ilitangaza X1D, kamera ya kwanza ya kidijitali ya fomati ya kati isiyo na kioo cha ndani, yaani kile kioo kinachoinuka na kushuka kila picha inapopigwa katika kamera za DSLR. Mwanzoni mwa 2017 Fujifilm ya Japani ikaanza kuuza GFX 50S. Kabla ya hapo fomati ya kati ya kidijitali ilikuwa ya studio kubwa za matangazo, kwa kuwa mashine zake zilikuwa nzito, za polepole na ghali kupita uwezo wa mpiga picha wa kawaida. Baada ya hapo bei za uzinduzi zilishuka: GFX 100 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 9,999 za Marekani, GFX 100S ikafuata mwaka 2021 kwa dola 5,999, na GFX 100S II ikatoka mwaka 2024 kwa dola 4,999, zote zikiwa na megapikseli 102. Kwa bei hizo, swali la kuhamia au kutohamia limefika mezani kwa mtu mwenye studio ya vyumba viwili anayeishi kwa kazi za harusi, bidhaa na matangazo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpiga picha ambaye tayari ana kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, na anayefikiria kuiacha. Msimamo wake ni kwamba uamuzi wa namna hii huanzia kwenye ukubwa wa picha inayochapishwa na namna kazi inavyofanyika, na kwamba anayeuanzia kwenye sifa za kamera dukani hulipia uwezo ambao wateja wake hawatauona.

Kihisi ni kikubwa kwa kiasi gani?

Kihisi ni kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa za picha. Katika mfumo wa GFX wa Fujifilm na mfumo wa X wa Hasselblad, kihisi kina milimita 43.8 kwa 32.9, ambayo ni eneo la takribani mara 1.67 ya fremu kamili. Eneo hilo likitafsiriwa katika mwanga, faida yake haifiki hata stopu moja, kwa kuwa stopu moja ni mwanga mara mbili, nayo hii ni kama robo tatu ya stopu. Ikumbukwe pia kwamba fremu ya filamu ya 120 katika kipimo cha 645 ilikuwa na karibu milimita 56 kwa 41.5, na ile ya sita kwa sita ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayetarajia kurudishiwa sura ya picha za filamu za studio za zamani anapaswa kujua kwamba kihisi hiki kiko katikati, kati ya fremu kamili na filamu hiyo.

Jambo la pili halitajwi sana na wauzaji. Pikseli za GFX 100 na zile za Sony A7R IV, kamera ya fremu kamili yenye megapikseli 61, zina upana uleule wa maikromita 3.76. Pikseli moja kwa pikseli moja ubora wao ni wa kizazi kimoja, na kinachoongezeka katika fomati ya kati ni idadi ya pikseli hizo. Idadi hiyo ina thamani, lakini thamani yake huonekana pale tu picha inapokuzwa vya kutosha.

Anza na karatasi

Picha inayotazamwa kwa karibu, kama ile ya albamu au ya maonyesho, kwa kawaida huchapishwa kwa pikseli 300 kwa kila inchi. Jedwali linaonyesha ukubwa unaopatikana kwa kiwango hicho bila kukuza kwa programu, na pikseli zinazobaki kwa inchi pale picha inapojaza karatasi ya A0, ambayo ina sentimita 84.1 kwa 118.9.

| Kamera | Pikseli | Ukubwa kwa 300 (sm) | Pikseli kwa inchi kwenye A0 |
|---|---|---|---|
| Fremu kamili, 24 MP | 6000 × 4000 | 51 × 34 | 121 |
| Fremu kamili, 45 MP | 8256 × 5504 | 70 × 47 | 166 |
| Fomati ya kati, 51 MP | 8256 × 6192 | 70 × 52 | 176 |
| Fremu kamili, 61 MP | 9504 × 6336 | 80 × 54 | 191 |
| Fomati ya kati, 102 MP | 11648 × 8736 | 99 × 74 | 249 |

Mstari wa tatu unastahili kusomwa mara mbili. Kamera za fomati ya kati za megapikseli 51, ambazo ni miongoni mwa za bei nafuu sokoni zikiwa zimetumika, zina pikseli 8256 kwa upana, sawasawa na fremu kamili ya megapikseli 45. Anayetoka kwenye 45 kwenda 51 kwa sababu ya uchapishaji hapati kitu cha kuonyesha. Anayetoka 24 kwenda 102 anapata badiliko ambalo mteja asiyejua lolote kuhusu kamera ataliona akisimama hatua moja mbele ya picha ya mita moja.

Mabango ya barabarani yasiingizwe katika hesabu hii, kwa sababu hutazamwa kutoka mbali na huchapishwa kwa pikseli chache sana kwa inchi. Kazi za kunakili nyaraka nazo hudai hesabu ya makini kuliko inavyodhaniwa. Ukurasa wa A3 wa hati ya zamani, kama zile za herufi za Kiarabu zinazohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, ukinakiliwa kwa pikseli 400 kwa inchi, unatosheka na kamera ya megapikseli 45. Ramani ya ukubwa wa A1 ndiyo inayoidai fomati ya kati: kwa megapikseli 102 inanakiliwa kwa pikseli 352 kwa inchi katika pigo moja, ilhali megapikseli 61 zinaishia 271.

Mambo matatu yanayoaminiwa kupita kiasi

La kwanza ni mandharinyuma laini. Ni kweli kwamba kihisi kikubwa hupunguza kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kali mbele na nyuma ya mlengwa, lakini lenzi za fremu kamili hufunguka zaidi. Lenzi ya GF ya Fujifilm ya milimita 110 f/2, inayosifiwa sana kwa picha za watu, hufanya kazi sawa na ya milimita 87 yenye f/1.6 katika fremu kamili, nako huko lenzi za 85 f/1.4 na f/1.2 zipo tele. Katika jambo hili fremu kamili haijashindwa.

La pili ni kupiga gizani. Robo tatu ya stopu iliyotajwa juu humezwa mara moja na lenzi ya zumu ya f/4 inapowekwa mahali pa zumu ya f/2.8, na zumu za kawaida za GFX, kama 32-64 na 45-100, ni za f/4.

La tatu ni ule mwonekano wa fomati ya kati unaosemekana kutambulika hata katika picha ndogo ya simu. Sehemu kubwa ya mwonekano huo hutokana na lenzi nzuri, mwanga uliopangwa na mpiga picha aliyelazimika kwenda polepole. Yote matatu yanapatikana bila kubadili mfumo, na hasa mwanga, ambao katika studio nyingi ndio unaopungua kweli.

Shata: tofauti inayoamua kati ya mifumo miwili

Shata ni kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga. Kamera za GFX zinazobadilishwa lenzi zina shata ya pazia ndani ya mwili, nazo hupatana na flashi hadi kasi ya 1/125 tu katika matumizi ya kawaida. Hasselblad X haina shata ya pazia mwilini kabisa. Kila lenzi ya XCD hubeba shata yake ya majani, ambayo hupatana na flashi kwa kasi zote, hadi 1/2000 katika lenzi nyingi.

Maana ya tofauti hii huonekana ufukweni saa saba mchana. Kwa ISO 100, jua kali hudai takribani f/16 kwa 1/125. Mpiga picha anayetaka f/4 ili bahari nyuma ya bibi harusi ilainike anahitaji kasi ya karibu 1/2000. Mwenye shata ya majani huweka kasi hiyo, na flashi yake hutoa tu mwanga unaotosha f/4. Mwenye shata ya pazia hubaki kwenye 1/125 na kuvisha lenzi kichujio kijivu cha kupunguza stopu nne. Kwa kuwa kichujio hicho hupunguza pia mwanga wa flashi, flashi hulazimika kutoa nguvu ileile ambayo f/16 ingedai, yaani mara 16 zaidi. Njia ya tatu ni kutumia hali ya flashi ya kasi kubwa, ambayo nayo hula nguvu nyingi. Anayepiga mchana wa jua kwa flashi ya betri, kazi ambayo ni mkate wa kila siku katika harusi za Pwani, ana sababu halisi ya kuitazama Hasselblad. Hata hivyo athibitishe kwanza muda wa mmweko wa flashi yake, kwa kuwa flashi nyingi zikiwa kwenye nguvu kamili humweka polepole kuliko 1/2000, na sehemu ya mwanga wake hukatwa na shata.

Upande wa pili una uzito wake. Lenzi ya kigeni ikifungwa kwenye Hasselblad X kwa adapta isiyo na shata hutumia shata ya kielektroniki pekee, ambayo husoma kihisi mstari kwa mstari na kupinda vitu vinavyosogea, na chini ya taa za LED huweza kuacha mistari ya giza kwenye picha. GFX huzipokea kwa urahisi lenzi za zamani za Pentax 645, Mamiya 645 na nyinginezo kwa shata yake ya kawaida. Isitoshe, X2D 100C ya Hasselblad hairekodi video kabisa, ilhali wateja wengi wa harusi siku hizi hudai picha na video kwa mkataba mmoja.

Gharama zisizoandikwa kwenye bei

1. *Hifadhi.* Faili ghafi la megapikseli 102 kwa biti 16 bila kubanwa ni takribani megabaiti 204. Picha 1,000 za tukio moja ni gigabaiti 204, na kwa kuwa nakala mbili za akiba ni lazima, jumla hupita gigabaiti 600. Ubanaji usiopoteza ubora hupunguza mzigo huu kwa kiasi kikubwa, na uwashwe tangu siku ya kwanza.
2. *Kompyuta.* Mashine inayofungua mafaili ya megapikseli 24 bila shida huweza kukwama kabisa kwa haya. Bei ya kompyuta mpya iingizwe kwenye hesabu ya kamera.
3. *Lenzi.* Mwili wa kamera ni mwanzo tu. Mfumo wenye lenzi moja utakaosubiri ya pili kwa miaka miwili haujakamilika, na mteja hawezi kusubiri.
4. *Kodi.* Anayeagiza kutoka nje aongeze usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, kabla ya kulinganisha bei na ya dukani.
5. *Matengenezo.* Uliza kabla ya kulipa ni mji gani ulio karibu wenye fundi aliyeidhinishwa, na kamera itakaa huko kwa muda gani. Mwenye mwili mmoja tu wa kamera hupoteza kazi zote za kipindi hicho.

Jaribio la kufanya kabla ya kulipa

Kutazama picha kwenye kioo cha kompyuta kwa asilimia 100 hudanganya, kwa sababu hakuna mteja anayetazama hivyo. Utaratibu ufuatao hutoa jibu kwa gharama ya kukodi kamera siku moja na kuchapisha karatasi nne.

1. Kodi au azima kamera ya fomati ya kati pamoja na lenzi unayokusudia kununua, na uje na kamera yako yenye lenzi yako bora.
2. Chagua mlengwa wa kazi zako. Ukipiga bidhaa na mavazi, tandaza kikoi au kanga chini ya taa ya studio. Ukipiga majengo, tafuta mlango wa nakshi.
3. Weka kamera zote kwenye stendi ya miguu mitatu, tumia kichelewesho cha sekunde mbili, ISO 100, na upana wa picha uleule. Kwa kina cha fokasi kilicho sawa, weka fomati ya kati f/10 na fremu kamili f/8.
4. Rudia kwa kushika kamera mkononi, kwa kasi unayotumia kazini. Hatua hii ndiyo inayofichua mengi, kwa kuwa pikseli nyingi huonyesha kila mtikisiko. GFX 50S, GFX 50R na X1D hazina kitulizi cha mtikisiko ndani ya mwili.
5. Kagua nyuzi za kitambaa. Vihisi hivi huweza kutoa mawimbi ya rangi yasiyokuwepo kwenye kitambaa, pale mfumo wa nyuzi unapogongana na mfumo wa pikseli. Yakitokea, sogeza kamera kidogo na upige tena.
6. Kadiria ukubwa wa picha kubwa zaidi uliyowahi kuuza. Kata kutoka kila faili kipande ambacho kingekuwa cha A4 ndani ya picha ya ukubwa huo, kisha vichapishe vyote kwa fundi wako wa kawaida na kwa karatasi ileile: viwili vya stendi na viwili vya mkononi.
7. Andika jina la kamera nyuma ya kila karatasi, zichanganye, na umwonyeshe mtu asiye mpiga picha. Asipotofautisha, jibu limepatikana.
8. Siku hiyohiyo piga kazi yako ya kawaida ya mwendo: watoto, ngoma, maharusi wakiingia ukumbini. GFX 50S, 50R na 50S II, pamoja na X1D, hutafuta fokasi kwa kulinganisha ukali wa picha tu, njia ambayo ni ya polepole kwa watu wanaotembea. GFX 100 na zilizofuata katika megapikseli 102, pamoja na X2D, zina pikseli za kupima fokasi moja kwa moja.

Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa kuliko yote ni kuuza mfumo wa zamani ili kulipia mpya kabla ya msimu mmoja wa kazi kupita. Fomati ya kati hufanya vyema kazi chache na huzorota katika nyingine, na mpiga picha wa harusi aliyebaki na kamera inayopiga picha tatu kwa sekunde hugundua hilo siku ambayo haiwezi kurudiwa. Kosa jingine ni kuziba tundu la lenzi hadi f/22 kwa kutafuta ukali. Katika pikseli ndogo hivi mwanga hutawanyika ukipita kwenye tundu dogo na picha hulainika, kwa hiyo f/8 hadi f/11 ndiyo nyumbani kwa mfumo huu, na panapohitajika kina zaidi hupigwa picha kadhaa za fokasi tofauti na kuunganishwa.

> KISANDUKU: Utunzaji Pwani
> Unyevu wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam huotesha kuvu ndani ya lenzi, na kuvu iliyokomaa hula upako wa kioo bila kurekebishika. Hifadhi lenzi kwenye sanduku lisilopitisha hewa lenye silika na kipimo cha unyevu, na unyevu ubaki kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kabla ya kuirudisha. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto la nje, ndipo uifungue, la sivyo maji hujikusanya juu ya kioo. Usiache lenzi ndani ya mkoba wa ngozi kwa miezi.

Orodha ya kukagua kamera iliyotumika

☐ Piga ukuta mweupe kwa f/16 na ukague vumbi na mikwaruzo kwenye kihisi.
☐ Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma na utafute nyuzi nyembamba za kuvu.
☐ Katika Hasselblad, jaribu shata ya kila lenzi kwa kila kasi, kwa sababu ubovu wa shata hapo ni ubovu wa lenzi.
☐ Katika GFX, uliza idadi ya mapigo ya shata na uione kwa macho.
☐ Piga angalau picha 20 mfululizo kwa kadi yako mwenyewe na uzifungue kwenye kompyuta yako.
☐ Hakikisha programu unayotumia kusafishia picha inayasoma mafaili ya kamera hiyo, na kwamba toleo lako halihitaji kulipiwa upya.
☐ Linganisha namba ya mwili na risiti ya kwanza. Kamera isiyo na risiti iachwe.

Nani ahame, nani abaki

Anayepiga mandhari, majengo, sanaa, ramani au bidhaa za kuchapishwa kuanzia A1 kwenda juu, na ambaye mteja wake hulipia ukubwa huo mara kwa mara, ahamie megapikseli 102 na kuruka za 51. Anayepiga watu kwa flashi nje mchana akodi Hasselblad kwa kazi mbili au tatu, na asitie sahihi hundi kabla ya hapo. Anayeishi kwa harusi, habari na michezo abaki na fremu kamili. Mwenye kamera ya megapikseli 24 ambaye albamu zake haziendi mbali na A3 ana zana inayomtosha, na fedha zake zitaonekana haraka zaidi katika taa mbili za studio zenye vilainishi vikubwa na lenzi moja nzuri ya picha za watu.

Kwa aliyefikia uamuzi wa kununua, masharti yanabaki mawili: jaribio la karatasi nne lifanyike kwanza, na kamera ya zamani isiuzwe hadi mpya iwe imelipwa na kazi zake yenyewe.